Nani Hajarudi

Nianze na ubaya wake, maana uzuri wake utausikia kwa wengine, hasa wale ambao hawakuwahi kukaa naye mbele ya kompyuta. Daktari alikuwa mbishi. Punda wanaovuta mikokoteni ya maji pale Kitengela ni wabishi, lakini punda ukimwonyesha njia mara ya pili anakubali yaishe. Daktari ukimwambia mstari huu unaishia kwa nukta mbili, atakuuliza kwa nini. Ukimwambia ni sheria, atakuuliza sheria ya nani. Ukimwambia ni ya hao waliotengeneza Python, hiyo lugha ya kuandikia programu za kompyuta, atavua miwani, aifute kwa pindo la shuka, kisha aseme, "Na wao walikuja kuniuliza lini?" Basi tunakaa hapo, data yangu inaliwa, na mstari bado hauna nukta mbili.

Hakuwa daktari. Alikuwa afisa wa mifugo aliyestaafu, mtu wa chanjo na majosho aliyezunguka kazini kutoka Magadi hadi Bisil, na huku kwetu yeyote aliyewahi kumdunga ng'ombe sindano ya serikali ni daktari mpaka siku ya kuzikwa. Tulikuwa majirani kwa miaka mingi. Mimi nilipanga chumba cha mabati, na ng'ambo ya ua aliishi yeye na mkewe, mama tuliyemwita Yeyo sote, wakubwa kwa wadogo. Shamba lao lilikuwa limekatwakatwa na kuuzwa ploti baada ya ploti. Walibakiwa na nyumba, boma la ng'ombe, na majirani waliokuwa wakichimba misingi kila upande.

Alichotaka kwa Python ni kitu kimoja, na nakisema mapema usije ukamdhania mzee wa kujifurahisha. Majina yalikuwa yanamtoka. Ya watu hayakumsumbua sana. Mtu ukimsahau, alisema, anaweza kujitaja mwenyewe. Ya ng'ombe ndiyo yaliyomkosesha raha. Maisha yake yote alisimama langoni jioni, ng'ombe wakiingia, akawapitishia macho mara moja na kujua nani hayupo. Hakuwa anahesabu. Kwao ng'ombe hahesabiwi, kumhesabu ni kumwitia balaa. Yeye aliwajua kwa rangi na mwendo, kila mmoja na jina lake la Kimaasai: Narok mweusi, Naibor mweupe, Nado mwekundu, Mugie wa kahawia, Sambu wa madoadoa, na wengine. Akikosekana mmoja, alimwona kwa kutokuwepo kwake.

Halafu jioni moja Nado hakurudi na Daktari hakujua. Alifunga lango, akanywa chai, akalala. Yeyo ndiye aliyeuliza asubuhi mbona maziwa yamepungua. Nado alipatikana ndani ya shimo la choo kwenye ploti mpya, mguu umevunjika, na ikabidi achinjwe hapo hapo. Daktari hakuongea na mtu siku kadhaa. Alipoongea, alikuja kuongea na mimi, na sijui nilimkosea Mungu nini.

Wakati huo nilikuwa nimepoteza kazi ya keshia, nikajiandikisha kwa kozi ya Python ya wanaoanza, ya bure, ya mtandaoni. Nina tabia ya kurudia masomo kwa sauti, na ukuta wa mabati haufichi kitu.

"Supa," akasema mlangoni.

"Ipa, Daktari. Karibu."

"Hiyo kitu unasoma, inaweza kuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Jioni. Iniulize, Narok amerudi? Niangalie, niseme ndiyo. Naibor amerudi? Niseme ndiyo. Mpaka iishe. Halafu iniambie nani hajarudi."

Nikamwambia hiyo hata karatasi ingetosha, ayaandike majina aibandike langoni.

"Karatasi inanyamaza," akasema. "Mimi nataka kitu iniulize, na isichoke."

Nikasema basi, hiyo ni programu ndogo, nikifika somo hilo nitamwandikia. Akakataa kabisa. "Ukiniandikia, nitakuwa naamini tu. Sitaki kuamini. Nataka niisome mwenyewe nione inafanya nini." Hivyo ndivyo nilivyopata mwanafunzi mwenye miaka ya babangu, mimi mwenyewe nikiwa mbele yake kwa somo moja tu, tena somo ambalo sikulielewa. Akaniita Mwalimu. Mpaka leo sijui kama lilikuwa ni jina la heshima au kejeli.

Kozi yenyewe ilikuwa ya video. Mwalimu wake alikuwa kijana mwenye meno mazuri na fulana ya kijivu, anaongea Kiingereza kama mtu anayefukuzwa. Daktari hakumpenda tangu sekunde ya kwanza, kwa sababu kijana alianza kufundisha bila kusalimia. "Hajauliza tumeamkaje," alisema. Nikamweleza kwamba huyo ni wa video, yeye hatuoni sisi. "Hata kwa redio watu wanasalimiwa."

Zoezi la kwanza lilikuwa kuifanya kompyuta isalimie dunia. Mstari mmoja. Watoto wanaumaliza wakitafuna andazi. Daktari akaandika Supa. Kisha, chini yake, akaandika mstari wa pili: Ipa. Mashine ya kusahihisha ikatoa rangi nyekundu, ikasema jibu limezidi mstari. Nikamwambia afute wa pili.

"Nani atajibu, sasa?"

"Hakuna anayejibu, Daktari. Ni salamu tu."

"Salamu bila jibu ni matusi. Unataka niitukane dunia siku ya kwanza?"

Nikamwambia ni mashine inasahihisha, haina habari na adabu. Akasema kama haina adabu, mbona mimi naitetea. Chai ikapoa, stima ikapotea, na zoezi la kwanza likalala bila kupita. Nilirudi kitandani nikiwa na hasira za mtu aliyepigana, na hata sikujua nilipigana na nani.

Lakini mtu huyohuyo nilimwona akikaa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa kuanzia asubuhi mpaka jua likageuka, mkono umekunjwa hadi begani, akimnong'onezea Kimaasai taratibu mpaka ndama akatoka. Subira yote hiyo ilimwisha akiona error. Kosa likitokea kwenye mstari mmoja, alifuta yote na kuanza upya, akidai jipu halikamuliwi nusu. "Daktari, ile mingine yote ilikuwa sawa!" nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Na mtu ambaye enzi za kazi yake hakuwahi kutumia sindano moja kwa maboma mawili, mtu wa usafi na utaratibu, huyo ndiye aliyekuwa hahifadhi kazi yake hata mara moja. Anafunga kompyuta kama anavyofunga mlango wa nyumba, kesho anafungua akitarajia kukuta vitu vyake vilipokuwa.

Kuna jambo moja alilolishika upesi, na likaniumiza kichwa kuliko yale yaliyomshinda. Python inataka mistari mingine isogezwe ndani ili ijulikane ni ya nani. Hapo mimi nilitoa machozi wiki nzima. Daktari aliangalia mara moja, akasema, "Hiyo ni boma ya ndama. Iko ndani ya boma kubwa." Nikafurahi, nikadhani sasa tumevuka. Kesho yake nikakuta amesogeza kila kitu ndani, mpaka mistari ya mwisho ambayo inatakiwa kubaki nje. Nikamuuliza kwa nini. "Hakuna wa kulala nje," akasema. "Fisi." Basi programu ikawa inatoa jibu la mwisho kila baada ya swali, Narok amerudi, na hawa ndio hawajarudi, Naibor amerudi, na hawa ndio hawajarudi, wee! Na hakukubali kutoa hata mstari mmoja nje mpaka Yeyo alipokuja na kumwambia, kwa sauti ya mama aliyechoka, "Baba Sein, hiyo sio mnyama. Itoe."

Alikuwa na misemo yake. Kila error ikija alisema, "Kupotea njia ndiyo kujua njia." Mara ya kwanza ni hekima. Ukiisikia asubuhi nzima unatamani uitupe kompyuta kwenye lile shimo la choo. Siku moja nilimjibu kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi ni mtu wa kanisa, Mwalimu. Idi si yangu. Utangoja sana."

Kozi ilikuwa na baraza la wanafunzi, mahali pa kuandika ukikwama. Akanitamkia ujumbe wake niuandike. Alianza kwa kuwasalimu wote, akauliza kwao mvua imenyesha, watoto na mifugo wakoje, akaeleza yeye ni nani na anatoka wapi, na mwishoni kabisa ndipo akauliza swali lake. Jibu lilikuja moja tu, la Kiingereza: soma vizuri ujumbe wa error. Daktari aliuliza huyo aliyejibu anaitwa nani, apate kumshukuru. Hakuwa na jina, alikuwa na picha ya paka. Kwa siku nyingi baadaye Daktari alikuwa akiuliza kama kuna mwingine amejibu habari ya mvua. Mimi nilimwambia bado. Hapo nilitamani kulia, si kwa sababu yake, kwa sababu ya hao watu.

Sasa nije kwenye somo lililotukwamisha kuliko yote. Kijana wa video aliweka orodha ya matunda, kisha akaonyesha jinsi ya kuiambia kompyuta ihesabu ni mangapi. Daktari aliandika orodha yake vizuri sana, Narok, Naibor, Mugie, Sambu na wenzao, bila Nado. Alipofika penye kuhesabu, akaondoa mikono kwenye kompyuta na kuiweka magotini.

"Hapana."

"Daktari, ni zoezi tu."

"Unajua nilivyochanja miaka hiyo yote? Nilikuwa nahesabu chupa zilizoisha. Ofisi ikitaka namba, naandika chupa. Hakuna siku nilihesabu ng'ombe ya mtu. Nianze na wangu?"

Nikamwambia atumie matunda basi kama yule kijana. Akasema hana matunda, hakuja kwa ajili ya matunda. Nikamwambia aruke somo. Kozi haikubali kurukwa. Usipopita hili, lijalo linabaki limefungwa, na lijalo ndilo lilikuwa na lile la kuuliza jina moja baada ya jingine, lile tu alilolitaka. Nikajitolea nibonyeze mimi. Akanitazama kwa huzuni nyingi, nikaona haya. Tukakaa nje ya lango hilo wiki baada ya wiki, na wakati wote huo majina yanazidi kumtoka. Asubuhi moja alimwita Mugie kwa jina la ng'ombe aliyekufa zamani, na Yeyo akaangalia pembeni. Nilimkasirikia Daktari, nikaikasirikia kozi, nikamkasirikia yule kijana na meno yake.

Kisha akaja mbio, shuka inapepea. "Nimepata! Fungua!" Akafungua orodha yake, na mwishoni kabisa, baada ya ng'ombe wote, akaandika: Kijana wa Video.

"Sasa ihesabu," akasema. "Hiyo namba sio ya ng'ombe wa mtu yeyote. Huyo mmoja ni binadamu."

Kompyuta ikahesabu. Rangi ya kijani ikatokea, somo likafunguka. Daktari alisema mashine ni mjinga, haijui hata kutofautisha ng'ombe na mwalimu, lakini alisema hivyo huku akitabasamu, na Yeyo akatuletea maziwa.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Alikuwa akisahau. Tulilolimaliza leo, kesho aliliangalia kama mgeni. "Hii niliandika mimi?" Ndiyo, Daktari. "Nani alinifundisha?" Mimi, Daktari. Kuna siku mdomo ulinitoka: "Lakini jana tu tulifanya hii, jana!" Akafikiri kidogo, bila kukasirika. "Jana ulikuwa wewe," akasema. "Mimi sikuwepo." Kozi ile ilitengenezwa kwa watu ambao jana yao inawangoja palepale walipoiacha. Hakuna video ya mtu ambaye jana inamtoroka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichoma, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Alimaliza programu yake jioni ya kiangazi, nikamwekea kwenye simu. Ilikuwa fupi, ungeweza kuisoma yote bila kupumua, na kila mstari aliuandika yeye. Alisimama langoni, ng'ombe wakaja na vumbi lao. Simu ikauliza, Narok amerudi? Akaangalia, akabonyeza ndiyo. Ikauliza mpaka mwisho, kisha ikaandika kwamba wote wamerudi. Akaisoma kwa sauti. Hakusema kupotea njia wala nini. Alinishika kichwa kwa kiganja, kama Wamaasai wanavyowabariki watoto wao, akaenda kufunga lango.

Masomo yaliyobaki hakuyagusa. Kozi iliendelea kumwandikia kwamba yuko karibu kumaliza, asikate tamaa. Kwa hesabu zao Daktari ni mwanafunzi aliyeacha.

Mimi nilipata kazi upande wa Laiser Hill, nikahama. Mvua ikakataa misimu miwili mfululizo. Watoto wao wakaamua kile kipande kilichobaki Kitengela kiuzwe, na wazee wahamie Bisil kwa mtoto wao wa kwanza, mwenye duka. Nilisikia hayo kwa simu, kwa Yeyo. Mwaka huu akanipigia tena. "Mwalimu, kuja. Hii kitu yenu inaniua."

Nilifika alasiri. Nyuma ya duka palikuwa na boma jipya la miiba, limefagiliwa, hakuna kinyesi hata kimoja. Yeyo alinivuta kando kabla sijakaa. Ng'ombe waliuzwa soko la hapo Bisil, akaniambia, wakati Daktari alikuwa amelazwa. Walikuwa wanakonda, na yeye alikuwa akiwafuata porini na kushindwa kurudi. Hawakumwambia. Walidhani atasahau. Na kweli mengine amesahau, jina la mtoto wake wa mwisho amesahau, lakini kila jioni anatoka na simu, anasimama langoni.

"Inamuuliza, Narok amerudi? Anaangalia. Anabonyeza hapana. Naibor amerudi? Hapana. Wote, mmoja mmoja. Halafu inamwambia hawajarudi, na anaanza kulia na kutafuta viatu aende awatafute. Kila jioni, Mwalimu! Tafadhali, iambie iseme wamerudi. Itakuchukua muda?"

Haingechukua muda. Ni mstari mmoja. Nikamwambia Yeyo sawa.

Jua lilipoteremka tulitoka. Daktari alikuwa langoni, amepungua, koti limemzidi. Alinisalimia kwa heshima wanayosalimiwa nayo wageni, akauliza kwetu mvua imenyesha. Nikasema kidogo. Nikamwambia nimekuja kuangalia ile programu, nasikia inasumbua.

"Eeh, inasumbua," akasema. "Wewe ni fundi?"

"Ndiyo."

Tukaketi kwenye benchi. Akanipa simu yake, nikafungua mistari ya programu, kidole changu tayari kwenye ule mmoja, na yeye akanisogelea kuona. Ndipo akaichukua simu kutoka mkononi mwangu. Akavaa miwani. Akaanza kusoma kutoka juu, polepole, midomo ikitembea, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Yeyo alikuwa amesimama nyuma yetu, na nilisikia pumzi yake. Daktari alifika mwisho, akarudi juu, akasoma yote tena.

"Hii haina makosa," akasema.

Niligeuka kumtazama Yeyo.

"Fundi, nakuuliza. Uliona makosa wapi?"

"Sikuona, Daktari. Haina."

"Basi haidanganyi." Akainua macho, akaliangalia boma lile lililofagiliwa, kutoka mwiba mpaka mwiba, kama alivyokuwa akiangalia zamani. Kisha akageuka. "Mama Sein. Mliwauza?"

Yeyo aliweka leso mdomoni. Nilidhani atakataa, na Mungu anisamehe, nilitaka akatae.

"Tuliwauza," akasema.

"Wote?"

"Wote."

Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta. Alipomaliza alinirudishia simu, akaniambia, "Usiiguse." Halafu akamwambia mkewe, kwa upole ule niliouona siku ya ndama, "Kesho nitakuwa nimesahau. Itaniuliza tena, na mimi nitakuuliza tena. Utaniambia tena vile umeniambia sasa."

"Kila siku?" Yeyo akauliza.

"Kila siku. Hata nikilia."